Gita la Marehemu Akilimali

Sehemu ya saba

Ti-ti. Kimya. Ti.

Sauti ni ile ile, msomaji. Wiki iliyopita tulimwacha Josiane nayo gizani, umeme umekatika Kamembe nzima, sombe, majani ya muhogo, inatokota juu ya mbabula ya makaa, na kisu cha jikoni mkononi mwake. Mlango wa nje aliufunga mwenyewe. Sauti inatoka chumbani. Na chumbani hakuna cha kuibwa ila kimoja tu: gita la marehemu mume wake.

Ti-ti. Kimya. Ti.

“Nani iko mule?”

Ti-ti.

Josiane akausukuma mlango kwa mguu. Akawasha tochi ya simu, kisu mbele.

Mwizi hayupo! Chini ya msumari unaobeba gita, Ikirezi, mtoto wake wa miaka sita, amekaa kwenye mkeka, kikombe cha bati katikati ya magoti, kijiko mkononi.

“Ikirezi! Mungu wangu! Unataka kuniua?”

“Umeme imeenda, Mama.”

“Najua imeenda. Juu ya nini unagonga?”

“Umeme ikienda tunagongaka.”

“Mwe nani na nani?”

“Mimi na Papa.”

Kisu kikamshuka Josiane chenyewe. Akakaa kwenye mkeka kando ya mtoto.

Kabla ya msiba hakuwahi kuwa nyumbani saa kama hizo. Miaka yote ya ndoa yake, umeme ukikatika jioni, yeye yuko darajani, beseni kichwani, kwenye foleni ya akina mama waliotoka kuuza tomati Bukavu, ng'ambo ya mto, anamwomba Mungu avuke kabla mpaka haujafungwa. Mume na mtoto wanamngojea huku gizani. Walikuwa wakifanya nini? Hakuwahi kuuliza. Alikuwa anafika amechoka, anapakua, anaosha mtoto, analala.

“Mulikuwa munagonga nini, chérie?”

“Siri.”

“Ata kwa Mama?”

“Papa alisema bado. Paka batu bote basikie.”

“Papa hayuko tena, Ikirezi.”

“Alisema bado,” mtoto akarudia, na akakaza midomo yake midogo.

Mpaka watu wote wasikie: maneno ya kitoto, Josiane alijiambia. Mtoto naye analia kwa namna yake. Akampokonya kijiko taratibu, akakipanguza kwa kitenge, akaenda kupakua nacho sombe. Wakala kimya kwa mwanga wa simu, gita likiwaangalia kutoka ukutani.

Simu ikaita katikati ya chakula, tochi ikazimika.

“Maman Ikirezi? Gita iko?”

“Iko, Christophe-Aimé.”

“Chunga muzuri. Mu mji banaongea mingi. Mwizi anaweza kuingia ata leo. Siku ya Samedi nitakuja kukutua ule muzigo.”

“Aksanti, ndugu yangu. Mungu akubariki.”

Na alisema kwa moyo wote. Christophe-Aimé alikuwa rafiki wa Akilimali, mwimbaji kama yeye, ila mwenye viatu vinavyong'aa. Siku ile ya msiba, wakati ukoo mzima unatazamana macho, ni yeye aliyetia mkono mfukoni akanunua jeneza. Mjane hasahau kitu kama hicho.

Jumamosi ndiyo siku ya kuondoa kilio, kumaliza matanga. Kwa akina Akilimali, siku hiyo vitu vya marehemu vinapata wenyewe wapya mbele ya watu. Koti kwa mpwa wake, kitanda kwa binamu. Lakini kitu cha kazi kinakwenda pamoja na kazi yenyewe. Atakayekabidhiwa gita, huyo ndiye atakayeitwa sauti ya Akilimali. Mabaa yatamwita yeye. Redio itamtafuta yeye. Nyimbo zote zitakuwa mdomoni mwake, na hakuna atakayemuuliza.

Ukoo ulishakata shauri: Christophe-Aimé.

Josiane alijaribu kuomba libaki kwa Ikirezi. Mama mkwe wake, Maman Eugénie, alicheka mpaka akakohoa.

“Mutoto mwanamuke na gita? Atapigia nani, mbuzi?”

*

Asubuhi yake, kabla ya kushika njia ya daraja, Josiane alipitia sokoni. Alikuwa na neno na mtu mmoja.

Alimsikia mume wake kabla hajakiona kibanda.

Ndiyo, msomaji, mume aliyezikwa! Anaimba kwenye spika mbili zilizofungwa kwa waya juu ya mlango wa Niyonsenga, mwanaume mwenye upara na mdomo mwepesi, ambaye kazi yake ni kupakia watu nyimbo kwenye flashi na kadi za simu. Unampelekea kadi tupu, unaondoka na waimbaji wa nchi tatu kwenye mfuko wa shati, na hata mmoja wao hajui kwamba umemchukua.

Josiane akasimama katikati ya njia. Wakati Akilimali amelazwa hospitalini, kifua kimekaza, na yeye anazunguka kwenye korido kuomba ndugu wachangie dawa, simu ya mgeni wa kitanda cha pili ililia. Ililia kwa wimbo wa Akilimali, ule mmoja uliowahi kupigwa redioni. Josiane alipokimbilia ndani, mgonjwa alikuwa amefungua macho kitandani, anatabasamu. “Unasikia, Josiane? Niko inje kule, ninatembea.” Mgeni yule alipokea simu, akaongea mambo ya saruji, akaondoka. Hakujua kwamba mwenye ile sauti yuko nyuma ya pazia, anatafuta pumzi.

Leo Josiane hakuwa na machozi. Alikuwa na hasira.

“Niyonsenga!”

“Eee, Maman Ikirezi! Karibu! Leo daraja imekuacha?”

“Zima.”

“Nizime nini?”

“Zima bwana yangu.”

Watu wakageuka. Niyonsenga akajikuna upara.

“Maman Ikirezi, hii njo heshima yenyewe. Batu bote banamupenda. Muntu akikuja hapa, ile ya kwanza anaomba ni Akilimali.”

“Na wewe unamupakia.”

“Ninamupakia.”

“Na banakulipa.”

“Banalipa kazi yangu! Banalipa umeme, banalipa machine, banalipa kukaa kwangu hapa na jua. Wimbo yenyewe ni bure. Wimbo ni kama pumzi, Maman. Nani analipishaka pumzi?”

“Ule aliyeikosa,” Josiane akasema.

Niyonsenga akafumba mdomo. Lakini muuza ndizi aliyekaa mbele ya kibanda, mama mnene aitwaye Védastine, akaufungua wake.

“Yewe, Josiane, usituletee vita asubuhi! Ile wimbo ya Papa Ikirezi njo inanivusha daraja kila siku. Nikiisikia, beseni inakuwa nyepesi.”

“Ulimulipaka nini, Védastine?”

“Kumulipa? Si muntu wa kwetu?”

“Na mimi si muntu wa kwenu?” Josiane akatua beseni lake, akanyakua mkungu wa ndizi, akauweka kichwani. “Basi, ninaenda. Aksanti.”

“Weka chini! Una wazimu? Zile ndizi nilizibeba na mugongo yangu, toka Bweyeye!”

“Na ye alibeba zile nyimbo na kifua yake. Kifua njo ilimuua.”

Hakuna aliyecheka. Védastine akashusha macho, akaanza kupanga ndizi zilizokuwa zimepangika tayari. Josiane akaurudisha mkungu mahali pake, polepole, maana yeye si mwizi.

Niyonsenga akatoka nyuma ya meza yake. Sasa hakuwa na mzaha.

“Maman Ikirezi, umeniita mwizi mbele ya batu. Ni sawa. Lakini sema pia mbele ya batu: nani alinipa hizi nyimbo?”

“Uliziiba!”

“Ni wewe.”

“Muongo!”

“Siku ya kilio. Ulikuwa umekaa chini, kitambaa kichwani, bamama bamekushika. Mimi njo nilileta spika, bure, sikukuomba ata maji. Ukatoa kadi ya simu ya marehemu, ukasema: piga nyimbo zake, batu balie na sauti yake. Batu bakalia. Kisha bakaanza kuniomba: nipatie na mimi, nipatie na mimi. Nikatuma muntu akuulize. Ulijibu nini?”

Josiane akazitazama spika zile mbili juu ya mlango. 

Alikumbuka. Alikumbuka vizuri sana. Mtu aliinama sikioni mwake akamwambia, wageni wanaomba nyimbo. Naye alijibu bila kuinua kichwa: “Mubapatie.”

Angejibu nini tena? Mtu aliyekuja kulia nyumbani kwako humnyimi kitu. Akiomba kubaki na kipande cha marehemu, unampa. Siku ile wangemwomba moyo wake, angesema hivyo hivyo: mubapatie. Na wao walichukua, wakavuka nao daraja, wakaupeleka Bukavu, wakaupeleka Ruhwa kwenye mpaka wa Burundi na ng'ambo ya Ruhwa, mpaka ukawa wa kila mtu, na nyumbani kwake haikubaki hata chembe.

“Kilio ilikuwa kilio, Niyonsenga,” alisema mwishowe, sauti imeshuka. “Haikuwa soko.”

Mwenye upara akatazama viatu vyake.

“Futa,” Josiane akasema.

“Nifute?”

“Zote. Hapa mbele yangu.”

Niyonsenga akashusha pumzi. Akarudi kwenye mashine yake, akabonyeza.

Sauti ya Akilimali ikakatwa katikati ya neno.

Loo! Hujawahi kusikia kimya kama kile. Hata wauza samaki walinyamaza. Ilikuwa kama wamemfunika tena, na udongo juu, mara ya pili.

“Hapana!” Josiane akapiga kelele. Alirukia meza, akamshika Niyonsenga mkono kwa mikono yake yote miwili. “Rudisha! Mungu wangu, rudisha! Usimuue!”

“Sijafuta, Maman Ikirezi, sijafuta. Nimesimamisha tu. Iko. Angalia, iko hapa.”

Josiane akaanguka juu ya kiti cha wateja. Hapo ndipo machozi yalipokuja. Alikuja kumfunga mdomo mwizi, na sasa anaogopa mwizi asije akanyamaza.

“Juu ya nini unalia hivyo?” Védastine alimwuliza, mkono begani. “Si kwako zimejaa?”

“Kwangu hakuna.”

“Hakuna ginsi gani?”

“Ile kadi iliharibika. Siku ya kilio. Waliponirudishia, ilikuwa imekufa. Simu haiioni.” Akajifuta pua kwa ncha ya kitenge. “Tangu tumuzike, mimi sijamusikia bwana yangu nyumbani. Ninamusikia paka mu soko. Paka mu simu za batu.”

Niyonsenga alikuwa ameacha kujikuna.

“Leta simu,” alisema kwa upole.

Josiane akampa. Na hebu fikiria, msomaji: mjane amekaa kwenye kibanda cha yule aliyemwita mwizi, anangoja zamu yake kama mteja, ili apewe kipande cha sauti aliyolala nayo kitanda kimoja. Mashine ilipomaliza, mdomo wa Niyonsenga ukafunguka kwa mazoea:

“Ni frangi...”

Akajing'ata ulimi. Uso ukamwiva mpaka upara.

“Unisamehe. Ni mazoea. Beba, Maman Ikirezi.”

Josiane akaibana simu kifuani. Alikuwa anageuka kuondoka Niyonsenga alipomwita tena, kwa sauti ya chini.

“Umesema kadi iliharibika?”

“Christophe-Aimé njo alinirudishia. Alisema, pole, imeungua.”

“Kwangu haikuungua.” Niyonsenga akaangalia kulia na kushoto. “Mimi nilikuwa wa pili kuishika. Wa kwanza ni ye. Alikaa nayo mu gari pamoja na ordinateri, ile kompyuta yake, batu banangoja, mimi ninangoja. Kisha akaniletea. Nikapiga nyimbo, nikamurudishia. Ilikuwa nzima.”

“Unataka kusema nini?”

“Sijasema kitu. Nimesema nilikuwa wa pili.”

Macho ya Josiane yakawaka.

“Christophe-Aimé usimutaje na huo mdomo! Wakati mwe munapakia, ye njo alilipa jeneza!”

Akaondoka kwa hatua kubwa kuelekea darajani, beseni kichwani, na sauti ya mume wake mfukoni. Lakini neno lile lilimfuata. Nzima. Ilikuwa nzima.

Siku ile aliuza tomati kama mtu aliyelala. Jioni, mpishi mmoja wa njiani alimrudishia chenji aliyoisahau. Alivuka, akafika, akamlaza Ikirezi, akaweka simu sikioni. Nyimbo zote alizijua. Hizi ndizo alizozisikia zikizaliwa pale barazani, siku za Jumapili, naye anachambua maharage. Hakukuwa na jipya, wala hakuna iliyokosekana. Akajishutumu kwa kumshuku mtu mwema.

*

Jumamosi ikafika na jua kali.

Turubai ilifungwa uani, viti vikakodishwa, sufuria za wali na sambaza, dagaa wa ziwani, zikapangwa kivulini. Niyonsenga alikuja na spika zake. Hakuna aliyemwita. Alizifunga kwenye nguzo, akakaa pembeni bila kusema neno, na Josiane alijifanya hamwoni, lakini alimtumia Fanta.

Mzee Munyemana, jirani anayesimamia maneno ya ukoo, aliomba sala ikasomwa. Koti likatolewa. Kitanda kikatolewa. Kila kitu kikitajwa, Josiane alihisi nyumba yake inapungua ukuta.

“Sasa gita,” mzee akasema.

Christophe-Aimé akasimama. Suti nyeusi, viatu vinang'aa, uso umejaa huzuni iliyonyolewa vizuri.

“Mzee, munisamehe.”

Watu wakageuka. Ni Josiane! Amesimama kati ya wanawake, mikono imekamata kitenge.

“Ninaomba gita ibaki ya Ikirezi. Nyimbo batu bote bamebeba. Mimi sikukatala, nilisema mubapatie. Lakini huyu mutoto abaki na kitu moja yenye papa yake alishika na vidole. Moja tu. Ninaomba.”

Minong'ono ikapita chini ya turubai. Maman Eugénie akainuka kwa fimbo yake.

“Nyamuzinda, Mungu wangu! Muke ya mutoto wangu, unataka gita ikufe ukutani? Akilimali atanyamaza, ni wewe umemunyamazisha? Mimi mama yake ninataka kumusikia! Huyu hapa atamuimba kila fasi. Kuna hoteli pale kwenye ziwa banamungojea tayari!”

Na mwanamke mzee akaanza kulia, kilio cha kweli, kwa maana alikuwa na mtoto mmoja wa kiume tu. Josiane alimtazama akilia. Wanampenda marehemu wote wawili. Ndiyo shida yenyewe.

Christophe-Aimé akainua mkono. Sauti yake ilikuwa laini kama mafuta ya mawese.

“Mama, usilie. Maman Ikirezi, na wewe usilie. Mimi sitaki gita kwa nguvu. Nitafanya hivi. Nimetunga wimbo mupya. Kesho redio itaanza kuipiga. Nilikuwa nimekawisha ili nyinyi mukuwe ba kwanza kuisikia. Sikilizeni. Kama mutaona haina moyo ya ndugu yangu Akilimali, mimi mwenyewe nitaacha gita ukutani, sitaitaja tena.”

“Amesema vizuri!” watu wakaitikia. “Huyo ni mwanaume!”

“Inaitwa nini?” Mzee Munyemana akauliza.

“Mama Iko Mupakani.”

Akampa Niyonsenga simu yake. Niyonsenga akaichomeka bila kumtazama.

Kwenye spika gita likaanza.

Polepole, nyuzi mbili tatu, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Kisha sauti ya Christophe-Aimé ikaingia:

*Mama iko mupakani, taa yetu imezimika,*
*Afande, mufungulie, mutoto hajakula.*
*Nimemwambia alale, amesema bado, Papa,*
*Sitalala paka nisikie beseni mulangoni.*

Mwanamke mmoja akajishika mdomo. Mwingine akalia waziwazi. Wote ni watu wa daraja, wote wanaijua foleni ile, wanaijua mvua ile, wanamjua yule mtoto anayelala njaa akingoja. Védastine alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanadondoka kwenye sahani.

Na Josiane?

Josiane alikuwa amejisahau. Kila neno lilikuwa lake. Beseni lake. Mlango wake. Giza lake. Amejuaje? Huyu mtu mwenye viatu vinavyong'aa, asiye na mke wala mtoto, amejuaje kwamba nyumba ya mama wa mpakani inakuwa hivi saa hizo? Mimi mwenyewe mama sikujua. Mimi nilikuwa ng'ambo.

Jibu alilopata lilimvunja. Amejua, aliwaza, kwa sababu alimpenda Akilimali. Akilimali alimsimulia, naye akasikiliza. Hakuna mwizi anayesikiliza hivyo. Kumbe nilimkosea. Nilisimama mbele ya ukoo kumnyima gita mtu anayeweza kuniimba hivi!

Akaingia ndani. Chumbani, akasimama mbele ya msumari. Akapitisha kiganja juu ya mbao, pale ambapo kidole gumba cha mume wake kilikuwa kimekula rangi. Akalishusha.

Alipotoka nalo uani, watu walinyanyuka. Maman Eugénie alifungua mikono. Wimbo ulikuwa bado unapiga.

“Christophe-Aimé,” Josiane akasema, “unisamehe. Nilisema vibaya. Iko na moyo yake. Beba.”

Akalinyoosha gita mbele, kwa mikono miwili, kama inavyopasa.

Christophe-Aimé akapiga hatua. Vidole vyake vikagusa mbao.

Ndipo pale kwenye spika sauti ya kuimba ilipopumzika. Gita likabaki peke yake. Na nyuma ya gita, kwa mbali, kitu kidogo cha bati kikawa kinajibu. Wageni walidhani ni mtindo mpya wa studio. Wengine wakaanza kutikisa mguu nacho.

Ti-ti. Kimya. Ti.

Niyonsenga alikuwa wa kwanza kuinua kichwa. Alimtazama Christophe-Aimé, na akaona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona: mwenye suti amekuwa na haraka ghafla. Amelivuta gita.

Mikono ya Josiane haikuachia.

Ti-ti. Kimya. Ti.

Aliisikia wapi hii? Wapi? Sombe inatokota, umeme umekatika, kisu mkononi...

Chini ya meza ya wali, Ikirezi akatambaa, akatoka. Alisimama mbele ya spika, nguo nyeupe ya sherehe imeingia vumbi. Akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka akahakikisha. Kisha akawatazama wageni wote chini ya turubai, mmoja mmoja, kama mtu anayeangalia kama wote wamefika. Akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wamzike baba yake.

Akamgeukia Josiane, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

“Mama, ile kijiko inalia ni yangu.”